Kwa nini kijana wa riwaya zetu hakui mpaka aadhibiwe?

Binti wa Ngamiani

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wa rika langu hamjambo. Mimi ni msichana wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Tanga, na ukiacha mama na bibi yangu, riwaya za Kiswahili ndizo zilizonilea. Nilianza na vitabu vya babu mzaa mama, vyenye majalada yaliyobanduka, nikamfahamu mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika *Mzimu wa Watu wa Kale* kabla sijafikia umri wa kuelewa nusu ya maneno yake. Kwa riwaya za upelelezi sina neno: kitendawili kinategwa, kinateguliwa, na msomaji anafunga kitabu akiwa ameridhika.

Swali langu linahusu zile riwaya ambazo mhusika wake mkuu ni kijana. Nilipofika miaka 14 au 15 nilianza kumtafuta vitabuni mtu wa umri wangu, anayebishana na mama yake kisha akajuta, anayempenda mtu na kumficha hata shoga yake wa kufa na kuzikana, asiyejua atakuwa nani maishani na aliyechoka kuulizwa. Badala yake nikakutana na msururu wa wasichana wanaotoka nje ya ua wa baba zao na kuangamia. Rosa wa *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi anasoma, anapotea, anajiua. Maimuna wa *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed anafungiwa ndani tangu utoto, na siku anapotoka anaishia kwenye ulevi na ukahaba. Hata katika vile vitabu vyembamba tulivyopewa kidato cha kwanza na cha pili, hakosekani msichana aliyedanganywa kwa chipsi na lifti, akapata mimba, akafukuzwa shule, na ukurasa wa mwisho anasimama mwalimu mkuu au mjomba kutoa nasaha mbele ya watu wote.

Sisemi kwamba mambo hayo hayatokei. Yanatokea, na tumewaona wenzetu wakiacha madawati yao wazi. Lakini wengi wetu tunakua bila msiba wowote. Tunabadilika mawazo juu ya wazazi wetu, tunaacha kuamini tuliyoyaamini, tunaona haya kwa maneno tuliyoyasema mwaka jana, tunagundua kwamba rafiki wa tangu darasa la tatu hatuna tena la kuzungumza naye. Hakuna anayekufa wala anayefukuzwa, na bado mwishoni mwa mwaka mtu si yule aliyeuanza. Je, mambo hayo ni madogo mno kuandikiwa riwaya?

Kwa hiyo ninauliza mawili. Je, ninasoma vibaya, nikaona adhabu mahali ambapo mwandishi alikusudia jambo jingine? Na kama sisomi vibaya, ni riwaya gani ya Kiswahili inayomwachia kijana akue bila kumgeuza kuwa onyo kwa wenzake?

Mwalimu wa Kitale

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha fasihi ya Kiswahili katika shule za upili upande huu wa Kenya kwa muda mrefu, na swali lako la kwanza nitalijibu kwa kusema kwamba tumekufundisha sisi wenyewe kusoma hivyo. Mwanafunzi anapofungua riwaya tayari anajua ataulizwa dhamira, ujumbe, migogoro na mbinu za lugha, kwa hiyo anaisoma kama afisa wa forodha anayepekua begi, akitafuta kitu kimoja anachojua kimefichwa humo na kuviacha vingine vyote. Huku kwetu wapo wanaomaliza kidato cha nne wakiwa wameisoma miongozo pekee, riwaya yenyewe hawakuifungua kamwe, na bado wanapata alama nzuri.

Sasa irudie *Rosa Mistika* bila kutafuta ujumbe. Ilitoka mwaka 1971, na hapo mwanzo ilizuiwa shuleni nchini Tanzania, ndipo baadaye ikakubaliwa na kusomeshwa. Jiulize: kama ingekuwa tu onyo kwa wasichana, nani angejisumbua kuizuia? Onyo kwa wasichana ndilo jambo ambalo shule na wazazi hulipokea kwa mikono miwili. Kilichowatia watu wazima wasiwasi, kwa maoni yangu, ni mtu mwingine kabisa aliyewekwa kizimbani humo, yaani Zakaria, baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, akamlinda kwa fimbo miaka yote bila kumfundisha hata siku moja namna ya kuzungumza na mwanamume bila hofu. Rosa anaingia ulimwenguni akiwa hana silaha, na aliyemnyang'anya silaha hizo ndiye aliyedai kumlinda. Bwana Maksuudi wa *Utengano*, baba yake Maimuna, ni yule yule katika kanzu nyingine. Waandishi hao wawili, mmoja wa Ukerewe na mwingine wa Zanzibar, wameandika shtaka moja dhidi ya baba mmoja, lakini darasani sisi walimu tumelisoma kama shtaka dhidi ya binti.

Kuhusu swali la pili, kwa kuwa wewe ni wa Tanga, nitashangaa kama hujaisoma *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Inaanzia huko huko kwenu, kwa mama aliyekuwa mwimbaji wa taarabu, na mwanawe Kongowea anakuja kufunga safari hadi huku Kitale kumtafuta baba ambaye hajawahi kumwona. Anasimulia yeye mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, na hilo si jambo dogo, kwa sababu kijana anayejisimulia hawezi kugeuzwa mfano wa ubaoni kwa urahisi. Nimewaona wanafunzi wangu wakiisoma wakati wa mapumziko, jambo ambalo kwa kitabu cha mtihani ni nadra. Hata hivyo sitaisifu kupita kiasi. Kongowea ni mwema tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kinachobadilika ni bahati yake, na mwisho wake umepangika mno. Wewe unamtafuta kijana anayebadilika moyoni, na huyo katika *Siku Njema* utampata nusu tu.

Kijana wa Nansio

Dada, hongera kwa mada, na mwalimu shikamoo. Mimi nina miaka 18 na ninatoka Ukerewe, alikozaliwa Kezilahabi mwaka 1944, kwa hiyo mtaniwia radhi nikimwongelea kama jirani.

Kwa heshima zote, jibu la mwalimu limenipa nusu ya ninachotaka. Nakubali kwamba anayeshtakiwa ni Zakaria. Lakini nani analipa? Baba anashtakiwa na wahakiki, binti anazikwa. Msichana wa miaka 15 anayesoma usiku peke yake hasomi hati ya mashtaka, anasoma habari ya mtu anayefanana naye akifa, na hilo ndilo linalobaki kichwani mwake, hata kama mhakiki atamweleza vinginevyo kwa kurasa 10.

Pia, dada, umewasahau wavulana. Msichana wa riwaya akikosea anaangamia, ila mvulana hana nafasi hata ya kukosea kwa namna ya kawaida. Ama ni mwizi tangu mwanzo, ama ni shujaa wa watu kama Rashidi wa *Kuli* ya Adam Shafi, mtoto wa mchukuzi wa bandarini Zanzibar ambaye hadithi yake inakwenda hadi kwenye mgomo wa mwaka 1948. Nampenda sana Rashidi, lakini sijui aliogopa nini usiku, wala kama aliwahi kuona haya mbele ya msichana, kwa sababu riwaya ina haraka ya kumfikisha kwenye mgomo. Kwangu mimi aliyekaribia zaidi ni Kazimoto wa *Kichwamaji*, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1974, kijana wa chuo kikuu anayerudi nyumbani na kukuta hana pa kusimama, si miongoni mwa wasomi wala miongoni mwa wazee. Naye anajiua, najua. Lakini kifo chake sikukiona kama adhabu ya dhambi fulani, nilikiona kama mwisho wa hoja aliyokuwa akibishana na nafsi yake tangu mwanzo. Haikunifariji, ila kwa mara ya kwanza nilisoma mawazo ya kijana bila mtu mzima kuyakatiza ili ayasahihishe.

Rika letu sasa wanasoma zaidi hadithi za simu, zile zinazotumwa sehemu baada ya sehemu na kukatika pale mlango unapogongwa, ili ulipe upate sehemu inayofuata. Humo vijana wamejaa tele, wanapendana, wanasalitiana, wanarithi majumba ya kifahari. Sizidharau, nimezisoma nyingi. Ila hakuna anayekua humo, kwa sababu mtu akikua hadithi inaisha na malipo yanakoma.

Binti wa Ngamiani

Ahsante, mwalimu, na ahsante, kaka. Nilipoisoma *Utengano* kwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili nilimkasirikia Maimuna ukurasa baada ya ukurasa, nikimwona mpumbavu, na nilikuwa nikimwambia mama kwa sauti kwamba mimi nisingefanya hivyo. Likizo iliyopita nimeirudia. Kitabu ni kile kile, hata doa la chai liko pale pale, lakini hasira yote imemhamia baba yake, na yale mambo ya Maimuna niliyoyaita upumbavu sasa nayaona kama mambo ya mtu ambaye hakuwahi kuruhusiwa kufanya kosa dogo, kwa hiyo la kwanza alilolifanya likawa kubwa. Mama aliponiona nimenyamaza akaniuliza kama kitabu kimeniudhi. Sikuweza kumweleza, kwa sababu ningelazimika kuzungumza naye juu ya kufungiwa ndani, na mazungumzo hayo hatujayafikia.

Kwa hiyo nakubali kwamba mwalimu ana haki katika suala la kusoma. Lakini malalamiko ya kaka wa Nansio nayaona bado yamesimama wima.

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Assalamu alaykum nyote. Mwanangu, mimi ni mtu wa Unguja niliyeolewa Muscat miaka mingi, na huku ughaibuni riwaya za kwetu ndizo zinazonirudisha barazani.

Malalamiko yenu yana mizizi mirefu kuliko mnavyodhani. Mwana Kupona wa Pate, alipokuwa mgonjwa mnamo mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi wa nasaha ambao mpaka leo tunausoma na kuughani. Ni utungo mtamu, na mama yule alikuwa na uchungu wa kweli wa kumwacha mwanawe. Lakini tazama umbo lake: mama anasema, binti anasikiliza. Tunajua mengi aliyoambiwa Mwana Hashima juu ya dini, adabu na mumewe, na katika utendi ule hatusikii hata ubeti mmoja wa majibu yake. Kijana katika fasihi yetu aliingia kwa mlango wa msikilizaji. Riwaya ilipokuja ikamkuta ameketi pale pale, na waandishi wengi wakamwacha aketi, kwa sababu wao wenyewe walilelewa kwa nasaha na wakadhani kuandika kwa ajili ya vijana ni kuendeleza nasaha hizo.

Lakini wapo walioamka. Mwanangu, kamtafute Yasmini wa *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Ni msichana wa Kihindi wa Unguja, zama za Mwingereza, anayeozwa akiwa na miaka 15 kwa Bwana Raza, mtu wa makamo mwenye duka, mkubwa kwake kwa miaka mingi. Anamkimbia. Kwa mizani ya riwaya ulizozitaja, hapo ndipo maangamizi yalipopaswa kuanza: ameacha mume, watu wake wamemkataa, anakaa kwa Mwajuma, mwanamke wa uswahilini anayependa ngoma na starehe, na anampenda Denge, kijana wa siasa anayewindwa na serikali. Kila kosa ambalo wazee wetu walitukataza, Yasmini kalifanya, na mwandishi hamuui. Anateseka, naam, na anampoteza Denge, lakini anaendelea kuishi, anaolewa tena kwa hiari yake, na yule msichana aliyekuwa akichungulia dirishani mwanzoni sasa anajua anachokitaka na asichokitaka. Mimi niliisoma nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na nilitamani ningeipata nikiwa na umri wako, ingawa sidhani kama mama yangu angeniachia.

La pili ni *Peponi*, ambayo Abdulrazak Gurnah aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994 na Ida Hadjivayanis akaifasiri kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 2022, baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Msiseme ni tafsiri tu, kwani watu wake na ulimwengu wake ni wetu. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na tajiri anayemwita Ami Aziz, na anachelewa kufahamu kwamba yeye ni rehani kwa deni la baba yake. Humo hamna nasaha. Mtoto anakua kwa kutazama, kwa kusikia mambo nusunusu, kwa kutambua polepole kwamba watu wazima waliomzunguka nao wamefungwa kwa minyororo isiyoonekana. Na mwishoni, pale anapowakimbilia askari wa Mjerumani, mwandishi hakuambii kama kafanya vyema au vibaya. Mimi na mume wangu tulibishana juu ya ukurasa ule siku nzima, na mpaka leo hatujapatana.

Mkutubi Mstaafu

Nawasalimu nyote. Nilifanya kazi ya maktaba Dar es Salaam hadi nilipostaafu, na nataka kuongeza jambo moja ambalo wahakiki hulisahau, nalo ni biashara. Soko kubwa la riwaya katika nchi zetu ni shule. Kitabu kikiingia katika orodha ya vitabu vya kusomwa na wanafunzi, mchapishaji anauza kwa miaka, na kisipoingia, nakala zinakaa ghalani. Mwandishi anayemwandikia kijana anajua kwamba kabla ya kijana huyo kumfikia kuna watu wazima kadhaa mlangoni: mhariri, watu wa kuidhinisha, mwalimu, mzazi. Kijana anayekosea bila kuadhibiwa hawezi kuwapita wote hao kirahisi. Nasaha ya ukurasa wa mwisho, ile ya mjomba uliyoitaja, mara nyingi ndiyo hati ya kupitia mlangoni, na nina hakika baadhi ya waandishi waliiandika huku wakiguna.

Ndiyo maana vijana wa miaka ya 1970 na 1980 walijichagulia njia yao nje ya shule. Walisoma habari za wapelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, vitabu vya kupokezana mkono kwa mkono mpaka kurasa zinang'oka, na hakuna aliyewaambia wavisome. Mashujaa hao hawakuwa vijana wa sekondari, wala hawakukua, kwa hiyo hapo namuunga mkono kijana wa Nansio. Lakini kulikuwa na ladha ya kusoma kitu ambacho hakikuandikwa kwa ajili ya kukurekebisha, na ladha hiyo ndiyo iliyowafanya wengi wao kuwa wasomaji wa kudumu. Mtu aliyeanza na Willy Gamba akiwa na miaka 15 nilimwona kaunta miaka michache baadaye akiulizia *Nagona* ya Kezilahabi, riwaya ambayo hata wasomi huisoma kwa jasho.

Pengo unalolieleza, binti, nililiona kwa macho rafuni. Vitabu vya watoto vilikuwapo, na hali ikawa nafuu zaidi baada ya mwaka 1991, ulipoanza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Riwaya za watu wazima zilikuwapo. Kati ya hapo kulikuwa na vitabu vya kiada na vumbi. Kijana wa miaka 14 alikuwa akizunguka mara mbili, kisha anakwenda kukaa kwenye magazeti.

Kwa hiyo swali lako la kwanza lina majibu mawili ambayo hayapingani. Ulisomeshwa vibaya, kama alivyosema mwalimu, na pia waandishi waliandika wakiwafikiria watu wazima wa mlangoni, kama nisemavyo mimi. Nisichokubaliana nacho ni wazo kwamba kijana lazima ajione katika mhusika wa umri wake. Wewe mwenyewe umetueleza kwamba likizo iliyopita ulimsoma Bwana Maksuudi, mzee dhalimu, na ndipo ulipojiona umebadilika.

Binti wa Ngamiani

Babu, shikamoo, na nimelipokea hilo la mwisho, ingawa silikubali lote. Nilimwona Bwana Maksuudi vizuri kwa sababu nilikuwa nimesimama upande wa Maimuna. Kama asingekuwapo msichana humo ndani, sijui ningeingia kwa mlango gani.

*Vuta n'kuvute* nimeikuta katika orodha ya riwaya za kidato cha tano na cha sita, kwa hiyo nitaisoma sasa, kabla haijafika darasani na kugeuzwa kuwa maswali. Mwalimu, *Siku Njema* niliisoma zamani, na sehemu niliyoirudia mara nyingi ni ile ya Tanga, si ya safari, pengine kwa sababu mitaa ile naijua. Bi Mkubwa, habari ya Mwana Hashima imeninyima usingizi. Kama yupo aliyewahi kumtungia majibu, naomba nielekezwe.

*Peponi* sijaiona katika duka lolote hapa mjini. Inapatikana wapi?

Mkutubi Mstaafu

Marahaba, mjukuu wangu. *Peponi* imechapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, nao huwatumia wateja wa mikoani. Kabla ya kutoa fedha, nenda kwanza maktaba ya mkoa hapo Tanga, uonane na mkutubi mwenyewe, si kijana wa mapokezi, umwombe akiagize. Mwandikie ombi hilo kwenye karatasi, na ukiweza waombe wenzako wawili watatu watie sahihi zao, kwa sababu ombi la mtu mmoja hupotea mezani.

Kijana wa Nansio

Dada, ukikipata, tusome pamoja sura kwa sura na tuandike hapa hapa. Mimi nitaanza na ule ukurasa wa mwisho wanaobishania Bi Mkubwa na mumewe.

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Usithubutu. Anza mwanzo, mwanangu.